Kochi Lililobonyea Upande Mmoja

Mimi si daktari, ingawa kila mtu hapa kliniki ananiita daktari na nimechoka kukanusha. Sichomi sindano, siandiki dawa. Kazi yangu ni kukaa kwenye kiti, mgonjwa akakaa kwenye kiti kingine, tukazungumza mpaka saa iishe. Dada yangu, aliyekuwa mkunga maisha yake yote, alikuwa akinitania kwamba mimi nalipwa kwa kupiga soga. Nilikuwa nacheka. Nilikuwa nakasirika pia, lakini kidogo.

Kwa miaka ishirini na sita nimewauliza watu swali lilelile: kesho ukiamka, unaamka kwa ajili ya nini? Wengi hunitazama kama nimewatukana. Wanataka niwaambie lini watafurahi tena. Watu wanadhani kupona ni kufurahi. Mimi nimemwona mama mmoja akipona siku aliyogombana na jirani yake juu ya kamba ya kuanikia nguo. Miezi minane hakuwa na nguvu ya kugombana na mtu yeyote, na siku hiyo alikuja macho yamemtoka, anahema, anadai haki ya kamba yake. Nilitamani kumpigia makofi.

Fundi makochi mmoja alipona kwa kukipindua kiti cha ofisini kwangu.

Aliletwa na binti yake, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, akamkalisha mbele yangu na kusema, "Baba anaangalia ukuta. Mwaka mzima anaangalia ukuta." Mkewe alikuwa amefariki, naye akaifunga karakana yake, akahamia kwa binti na kulala. Kwa wiki kumi na moja alikuja kila Alhamisi saa nane mchana na kuniambia neno moja tu, "Sijambo," jambo ambalo halikuwa kweli. Wiki ya kumi na mbili alikaa, akanyanyuka, akakaa tena. Kisha akakishika kiti cha wagonjwa, akakipindua miguu juu na kuchungulia chini yake.

"Nani amefanya uhuni huu?" akauliza.

"Uhuni gani, Fundi?"

"Springi zimefungwa kwa waya wa kufungia mabomba! Na sponji hii ni vipande vipande. Daktari, watu wanakuja hapa na huzuni zao halafu unawakalisha juu ya takataka?"

Wiki iliyofuata alikuja na nyundo ndogo, sindano yake iliyopinda na uzi mnene. Kanuni za kazi yetu zinakataza kupokea huduma kutoka kwa mgonjwa. Nilivaa miwani ya mbao. Alikifungua kile kiti akakijaza upya huku akizungumza kwa mara ya kwanza, habari za mkewe, habari za misumari, zote kwa sauti moja. Alipomaliza alikitazama kiti changu, kile ninachokalia mimi.

"Na hiki?"

"Hiki hakina shida," nikasema.

Alikizunguka mara moja, akakusanya zana zake.

Tangu hapo alikuwa mtu wa maneno. Aliniambia fundi makochi humjua mtu kabla hajamwona, kwa kuangalia tu alipokuwa akikaa. Kochi la nyumba yenye watoto hupasuka mishono ya mbele. Kochi la wageni wengi huchakaa sawasawa. "Lakini kuna kochi la watu watatu," akasema, "unaletewa, unakuta limebonyea upande mmoja tu, kule kwingine sponji bado mpya kabisa. Hilo kochi la mtu anayeishi peke yake. Ukimrudishia mwambie abadilishe upande, lakini habadilishi."

Siku hiyo nilirudi nyumbani, nikaweka mkoba mezani na kulitazama kochi langu. Mume wangu alifariki miaka sita iliyopita. Mwanangu yuko mbali, hupiga simu Jumapili akikumbuka. Dada mkunga naye ametangulia. Upande wa kulia, karibu na taa, palikuwa pamebonyea. Nilikaa kushoto kwa ukaidi kama dakika tano. Kisha nikarudi kulia, maana ndiko iliko taa.

Sasa ni lazima nieleze habari ya karatasi, kwa sababu kosa langu limo humo.

Kila mgonjwa akifika, kabla ya kuingia kwangu, hupewa karatasi yenye maswali kumi na mawili na yule karani wa mafaili tunayemwita Foleni. Jina hilo amelipata kwa haki. Hata waziri akija, Foleni atamwonyesha mwisho wa benchi. Maswali ni ya kawaida: usingizi, hamu ya kula, siku ngapi wiki hii hukuzungumza na mtu nje ya kazi, siku ngapi uliona hakuna haja ya kuamka. Unajipa alama kutoka sifuri mpaka tatu. Foleni anajumlisha na kuandika jibu kwa kalamu nyekundu pembeni. Ukiwa na zaidi ya ishirini, hali ni mbaya. Ukishuka chini ya tano mara mbili mfululizo, tunaanza kuzungumzia kufunga faili.

Fundi alianza na thelathini na moja. Baada ya habari ya kiti alianza kushuka, wiki baada ya wiki, mpaka akafika nne. Wiki iliyofuata, nne tena. Nilipaswa kumwambia, hongera, sasa tuagane. Badala yake nikasema, "Tuangalie wiki moja zaidi."

Asiniletee mtu hapa habari za mapenzi. Nina miaka hamsini na tisa na magoti mabovu. Ilikuwa hivi: Jumatano nilianza kupiga pasi gauni la kesho yake. Alhamisi saa nane palikuwa na mtu aliyeniuliza, "Na wewe, umeshindaje?" na kungoja jibu. Wagonjwa wengine hawaulizi, wala si kazi yao kuuliza. Kwa wiki nzima yeye peke yake ndiye aliyeniuliza, na niliogopa kumpoteza. Nimeona haya kwa jambo hili, kwa hiyo naliandika kama lilivyo.

Wiki moja ikawa mbili, mbili zikawa tano. Na katika wiki hizo alama zake zikaanza kupanda. Tisa. Kumi na tatu. Kumi na saba. Nikaingiwa na wasiwasi, kweli kabisa. Lakini ndani ya ule wasiwasi kulikuwa na nafuu: sasa nilikuwa na sababu iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu. Nikaandika kwenye faili, "Aendelee kuhudhuria."

Jumatatu moja simu ya ofisini ikalia. Alikuwa binti yake.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Baba hajambo?"

"Ndiyo nataka nikuulize wewe. Kuna chuo cha ufundi, safari ya siku moja kutoka hapa, wanamtaka baba akafundishe vijana kazi ya makochi. Nyumba wanampa. Wamemshikia nafasi mpaka Ijumaa hii, wanachotaka ni barua yako tu kwamba amepona. Mwezi mzima namwambia, yeye ananijibu, daktari hajaniruhusu."

Mwezi mzima. Mimi hakuniambia lolote.

"Alama zake zimepanda, mwanangu," nikasema. "Wiki iliyopita alikuwa na kumi na saba. Siwezi kuandika barua ya uongo."

"Kumi na saba ndiyo nini? Daktari, baba anapiga mluzi! Anaamka kabla yetu. Amevifungua viti vyangu vyote vya mezani, tunakula tumesimama kama farasi. Wanangu hawalali mpaka awasimulie hadithi. Mtu wa kumi na saba anapiga mluzi?"

Nilipoweka simu nililichukua faili lake nikazitandaza karatasi zote mezani, kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekuwa ameshakifanya. Swali la tano: siku ngapi hukuzungumza na mtu nje ya kazi? Tatu, ameandika, yaani karibu kila siku. Mtu anayeishi na binti, mkwe na wajukuu wawili. Swali la tatu: hamu ya kula? Hakuna. Na binti anasema wanakula naye, wamesimama. Miaka ishirini na sita nawafundisha wenzangu kwamba karatasi haitoshi, mtazame mtu. Mimi nilikuwa nimeiamini karatasi kwa sababu ilikuwa ikiniletea mtu wangu kila Alhamisi.

Alhamisi alikuja na kumi na tisa. Nilimwekea karatasi zote mbele yake.

"Fundi, umekuwa ukiandika uongo."

Alizitazama, akakuna kidevu. "Si uongo, daktari."

"Unaishi na watu wanne ndani ya nyumba. Huongei na mtu?"

"Alama ni za kweli," akasema polepole. "Ila si zangu."

"Ni za nani?"

Alinyoosha kidole, si kwangu, kwenye dirisha. Chombo changu cha chakula cha mchana kilikuwa pale kwenye kizingiti, kifuniko hakijaguswa. "Saa nane hii, na kila Alhamisi nakikuta hivyohivyo. Nikaandika tatu." Akaonyesha simu yangu mezani. "Hiyo haijawahi kulia nikiwa hapa. Za wengine hapa kwenye korido zinalia mpaka wanazizima. Tatu." Kisha kalenda ukutani, ambayo ilikuwa bado kwenye mwezi wa nne, nasi tulikuwa wa saba. "La usingizi sikujua. Nilikisia kwa kuangalia macho. Nikaweka moja, nisije nikakuonea."

Nilitaka kumkemea, nikajikuta nauliza.

"Ulianza lini?"

"Kukutazama nilianza siku uliyosema kiti chako hakina shida. Kiti hicho kimelalia upande wa mlango, daktari. Unakaa umeuegemea mlango siku nzima, unangoja mtu aingie. Nilipopata nne zangu za pili nikajua utanifungia faili. Nikasema, nikiondoka mimi, Alhamisi huyu atabaki na nani? Sikujua pa kukusemea. Mimi mgonjwa, nitamwambia nani kwamba daktari anaumwa? Nikaiandika palepale unaposoma wewe."

"Na chuo je?"

"Chuo kingengoja."

"Hakingojei. Mwisho ni kesho."

Akainamisha kichwa. Hapo ndipo nilipopiga moyo konde nikamwambia na langu: kwamba zile nne za pili niliziona, kwamba alikuwa mzima tangu wakati ule, na kwamba nilimzuia kwa makusudi. Nilitegemea akasirike. Alikuwa na haki ya kukasirika. Wiki za maisha yake zilikuwa mkononi mwangu nami nikazikalia.

"Nilijua," akasema. "Mimi nikifanya kazi kwenye nyumba ya watu wazuri, kochi likiisha huwa nagongagonga misumari kidogo, nisiondoke upesi. Naijua hiyo."

Tulicheka sote wawili. Mimi nilicheka mpaka nikalia, au nililia tangu mwanzo, sikumbuki vizuri. Kisha nikavuta karatasi yenye nembo ya kliniki nikaandika barua, mistari minne, nikagonga mhuri. Aliikunja akaiweka mfuko wa shati. Mlangoni aligeuka.

"Daktari, ukiamka kesho, unaamka kwa ajili ya nini?"

"Toka hapa," nikamwambia. "Utachelewa basi."

Alhamisi iliyofuata saa nane hapakuwa na mtu. Foleni hakuwa amempangia mwingine saa ile, au alisahau, au alifanya makusudi. Kwa Foleni huwezi kujua. Nilisikiliza nyayo za korido zikija na kupita. Hakuna zilizosimama. Chakula changu kilikuwa dirishani. Uchungu nilioupata saa ile sikuwa nimeupata tangu mazishi ya mume wangu, na aliyeondoka alikuwa mzima, ameondoka kwa furaha, na ni mimi niliyemtilia sahihi.

Nilihama kiti changu nikaenda kukaa kwenye kile cha wagonjwa. Sikuwahi kukikalia tangu kitengenezwe. Kilikuwa kizuri, kigumu mahali panapotakiwa ugumu. Nikachukua karatasi ya maswali kumi na mawili na kujijibu bila kujipendelea. Jumla ilikuja ishirini na moja. Fundi alikuwa amekosea kwa mawili, na yote yalikuwa ya usingizi.

Nikatoka nayo mpaka dirishani kwa Foleni. Upande wa pili wa korido yupo mwenzangu wa kazi hii, anayekuja mara moja kwa wiki kutoka hospitali kubwa, hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu.

"Naomba faili jipya," nikasema.

"La nani?" Foleni akauliza bila kuinua macho.

"Langu."

Akainua macho. Akaipokea karatasi, akaitazama ile ishirini na moja, akachukua kalamu nyekundu na kuiandika upya pembeni kwa mwandiko wake, kama afanyavyo kwa kila mtu. Nilidhani atasema neno.

"Foleni iko kule, daktari," akasema kwa upole, akinionyesha mwisho wa benchi.

Nikaenda. Palikuwa na watu watano. Mama wa mwisho, ambaye simjui, alivuta mkoba wake kunipisha.

"Kaa hapa, dada," akasema. "Mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza," nikasema, nikakaa.