Jina la Kumi

Mpaka leo, ukungu wa asubuhi ukilala juu ya miti ya miwati, nasikia harufu ya wino. Wanangu wananicheka. Wacha wacheke. Biashara yangu ya kuandikisha wasomaji wa gazeti ilianza katika ukungu wa namna hiyo, hapa Njombe, enzi za Mwingereza, na ilianzia kwenye sukari.

Mume wangu alikuwa kibarua wa barabara Makambako. Mwisho wa mwezi mmoja akaja na sukari iliyofungwa kwa karatasi ya gazeti. Ee Mungu wangu! Tangu niolewe nilikuwa sijasoma kitu kipya. Nilitoka shule ya misheni, nikakuta kwa wakwe Biblia na kitabu cha nyimbo, nikavirudia mpaka nikawa nasoma makaratasi ya sabuni. Nilihisi kusoma kunanitoka, kama joto linavyotoka kwenye chungu kilichoepuliwa. Nikaimwaga sukari bakulini, nikainyoosha karatasi gotini. Pembeni palikuwa na tangazo: gazeti la kila mwezi linatafuta mawakala. Atakayeandikisha wasomaji kumi wa mwaka mzima atatumiwa magazeti yao kwa basi, na la kwake bure.

La kwangu, kila mwezi! Siku nzima nilitembea kama niko ndotoni, nikaunguza maharage.

Mama mkwe ulimi wake ulikuwa upanga. "Wenzako wanauza njegere," akasema, "wewe utauza maneno?" Lakini mume akiwa mbali, ruhusa ilikuwa yake. Akanipa mpaka mvua za kwanza. Nisipofikisha kumi, makaratasi yangu yatakuwa ya kuwashia moto, nami nitashika jembe bila kununa. "Sawa, Mama," nikajibu. Moyoni nilisema mengine, siyaandiki.

Nikaifanya meza ya unga kuwa ofisi, nikaanza kupanda na kushuka vilima. Mwalimu wa kwanza niliyemfuata alijiandikisha palepale. Nikavimba kichwa. Jirani zake wakanikaribisha vizuri, wakanipa viazi vya moto, wakasema, "Mwalimu ameshachukua. Atatusomea." Kilima cha pili vilevile, cha tatu vilevile. Msomaji mmoja, wasikilizaji ishirini! Huku kwetu hata moto tunaomba kwa jirani. Nani atanunua gazeti wakati la jirani lipo? Nilizaliwa hapahapa, nilipaswa kulijua hilo. Nilirudi nyumbani nikamfokea mbuzi asiye na kosa.

Majina yakafika tisa, yakakwama. Kila jioni nilikaa mezani nikiyasoma kwa sauti, polepole, moja baada ya jingine, kana kwamba la kumi lingeyasikia na kuja lenyewe. Mama mkwe alisonga ugali. Nje miwati ilikuwa inavuma, nami nilijiona niko mahali pengine kabisa, mahali penye karatasi nyeupe tele.

Kisha mawingu yakaja. Lori la kwenda Makambako lilikuwa linaondoka kesho yake, na barua yangu kwa wenye gazeti ilikuwa bado na majina tisa. Nilikuwa nimeshaanza kuzikunja karatasi kwa ajili ya jiko, machozi yananilenga, Mama mkwe aliposema, "Andika la kumi."

"La nani, Mama?"

"Langu."

Hakujua hata herufi moja. Nikashika kalamu, nikaanza kuandika Mama wa fulani, kama alivyoitwa na kila mtu.

"Hilo unaloandika ni la mwanangu," akasema. "Nimesema langu."

Nikainua kalamu. Kwetu mke hataji jina la mkwe wake. Hata kuliuliza ni utovu wa adabu. Miaka yote ile nilikuwa silijui. Akageukia moto, akanipa mgongo, akalitamka mara moja. Nililiandika, midomo nimeifunga.

Mwezi wa magazeti ya kwanza, nikienda kuyapokea, Mama mkwe akadai naye anakwenda Makambako kununua chumvi. Chumvi! Duka lilikuwa hatua chache tu kutoka kwetu. Tukakaa ubavuni mwa barabara, upepo wa Makambako ukituvuta nguo, magari yakitokea kwenye vumbi na kupotelea kwenye vumbi. Sijui tulikaa muda gani. Basi likaja, mzigo ukashushwa, nikakata kamba. Kila gazeti lilikuwa limezungushiwa kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe, limepigwa chapa kwa mashine.

Niliyasoma majina tisa ya kwanza kwa sauti, kwa furaha. La kumi nikamkabidhi kwa mikono miwili, bila neno.

Hakulifungua. Alipitisha kidole juu ya kile kipande, toka mwanzo hadi mwisho. "Ndilo hili?"

"Ndilo, Mama."

"Soma."

"Mama, siwezi. Ni mwiko."

"Aliyekuwa akiniita hivyo ni mama yangu, na amekufa zamani," akasema. "Wewe ndiye unayejua kusoma. Soma."

Hapa pia silitaji. Lakini siku ile, pale barabarani, nililisoma kwa sauti.

"Abee!" akaitika, mbio, kama msichana aliyeitwa kutoka mtoni.

Akajifunika uso kwa mgolole. Nilidhani nimekosea, nikapiga magoti kuomba radhi.

"Ita tena," akasema.