Siku Niliyolaumu Breki za Mzee

Nitawasimulia, lakini mkicheka msinitazame machoni. Miaka imepita, na bado nikisikia harufu ya polishi ya magari, ile ya stroberi, masikio yanapata moto na natafuta pa kujificha.

Wakati huo nilikuwa nauza mashine za fotokopi katikati ya jiji, kijana wa tai na maneno mengi, na nilikuwa namchumbia Njeri. Baba yake alikuwa na gereji mtaa wa Karen, na zamani aliendesha magari ya mashindano. Nilipoenda kumuuliza ni lini wazee wangu waje kutoka Bungoma kuzungumza mambo ya mahari, hakuuliza kanisa langu wala kazi yangu.

"Mtu mimi namjulia barabarani," akasema. "Jumamosi tuna shule ya kuendesha kwa kasi pale uwanja wa mashindano. Kuja na gari yako. Ukimaliza, tutaongea mambo ya wazee."

"Sawa, Baba," nikasema.

Akanitazama juu mpaka chini. "Niite Mzee. Hiyo ya Baba ni baadaye."

Sasa gari yenyewe. Ilikuwa imetoka Japani juzijuzi na viti vilikuwa bado vimevaa nailoni (msijifanye, hata hapa kuna mtu ambaye nailoni yake ilitoka ikiwa imegeuka manjano). Wiki hiyo Njeri aliipeleka gerejini, Mzee akaifunga breki mpya kwa mikono yake mwenyewe, kisha akatuma ujumbe: nitoe kila kitu kinachoweza kuruka humo ndani, na nisiiguse tena.

Vitu nilitoa. Nilitoa mwavuli, spana, viatu vya mvua, hata Biblia ya mama niliitoa huku nikiiomba msamaha. Lakini kutoigusa? Yaani niende mbele ya baba mkwe na gari lenye vumbi la mtaani Kawangware? Kwetu gari likienda kwa watu linaoshwa, kama vile mtu anavyonyolewa kabla ya harusi. Kwa hivyo asubuhi ya Jumamosi nikapitia kwa vijana wa kuosha magari kando ya barabara ya Ngong, nikawaambia hii inaenda ukweni.

"Buda, tulia," mkubwa wao akasema. "Hii tutaing'arisha mpaka wakupunguzie mbuzi wa mahari."

Wakapaka polishi dashibodi, wakapaka milango, wakapaka matairi, na mimi nimesimama pale natafuna yai la kuchemsha na kachumbari, naona kwa macho yangu wakipaka pedali zote tatu, zinang'aa, zinapendeza, na nikasema, "Hapo ongeza kidogo." Mimi! Hakuna aliyenishikia bunduki.

Uwanjani watu walikuwa wengi, wale matajiri wa Karen na Lavington na viti vyao vya kukunja, na wengi wao magari yao yalitengenezwa kwa Mzee. Njeri alisimama nyuma ya kamba ya watazamaji pamoja na mama yake na mashangazi. Zamu yangu ilipofika, Mzee akavaa helmeti, akaingia kando yangu, nailoni ikalia kwaru chini yake, akaitazama, kisha akafunga mkanda.

"Ukifika kwa lile pipa nyekundu, kanyaga breki sana, halafu ndio ukate kona," akasema. "Usiogope. Hizo breki nimeweka mimi."

Nikaondoka. Jamani, niliondoka vizuri sana, gia ya pili, ya tatu, upepo, Njeri anapunga mkono, najisemea moyoni leo mzee atanipenda, na pipa hilo hapo, nikakanyaga, na mguu ukateleza, ukapita kando ya pedali ukagonga sakafu, nikakanyaga tena ukateleza tena, na mara ya tatu ukaangukia pedali ya mafuta. Gari likanguruma na kuruka mbele. Nikashika usukani na usukani nao una polishi, mikono inazunguka lakini wenyewe hauzunguki, tukavunja ukuta wa matairi mabovu, tukaingia kwenye nyasi, na kando yangu baba mkwe anateremka kwenye nailoni taratibu, mkanda umemshika kifuani lakini makalio yameshaondoka, magoti yamefika kidevuni. Ni yeye, akiwa amekunjika hivyohivyo, aliyenyoosha mkono na kuvuta breki ya mkono. Tulisimama ndani ya hema la chai. Mungu ni mwema, halikuwa na mtu, lakini sufuria ya mandazi ilikuwa juu ya boneti.

"Ngai!" nikamsikia mama Njeri akimwita Mungu.

Watu wakaja mbio. Mtu akauliza, "Nini imefanyika?" Nilikuwa nimeshtuka, na badala ya kunyamaza, mdomo wangu wa kuuza mashine ukafunguka wenyewe na kusema kwa sauti ya kusikika na uwanja mzima, "Breki zimekataa!"

Mzee akavua helmeti. "Zimekataa?"

"Zimekataa kabisa, Mzee. Nimekanyaga, hakuna kitu."

Nyuma yangu mama mmoja akamwambia mwenzake, "Na yangu ametengeneza juzi tu!" Nikaona watu wanayageukia magari yao, na uso wa Mzee ukabadilika. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini, na bado sikuweza kulirudisha neno.

Mzee, na mvi zake nyeupe na ovaroli safi, akalala chini kwenye matope na kuingia chini ya gari. Akakaa huko. Akatoka, akaketi kwenye kiti changu, akakanyaga breki. Kiatu kikateleza. Akakanyaga tena, kikateleza tena. Akainama, akapitisha kidole kwenye pedali, akakinusa, kisha akakileta chini ya pua yangu mbele ya kila mtu.

"Nusa."

Nikanusa.

"Hiyo ni nini?"

"Ni... stroberi, Mzee."

Uwanja ulicheka mpaka watu wakakaa chini. Njeri hakucheka. Mzee alijipangusa matope, akaenda kwa mwanafunzi aliyefuata, na mambo ya wazee hatukuyaongea.

Nilingoja miezi. Kwetu Bungoma wakiuliza tarehe, nasingizia mvua. Kila mara Njeri aliniambia, "Baba hajasema kitu." Halafu siku moja akaniambia Mzee amesema wazee wangu waje.

Wakaja, wakanywa chai, msemaji wetu akasimama na methali zake. Mzee akainua mkono.

"Kabla ya mbuzi," akasema, "nataka kusikia kutoka kwa huyu kijana. Breki zangu zilikuwa na makosa gani?"

Sebule ilikuwa imejaa, na wengine ni walewale wa uwanjani. Nikasimama. "Breki hazikuwa na makosa."

"Nani alikuwa na makosa?"

"Ni mimi, Mzee. Niliteleza, halafu nikadanganya."

"Niite Baba," akasema. "Haya, sasa tuongee mbuzi."

Mbuzi hawakupunguzwa hata mmoja. Na mkiona gari langu lina vumbi, mniache. Pedali zile hakuna mtu wa kuzipaka polishi.