Moshi Bila Ugali

Leo nimeumbuka mbele ya chungu changu mwenyewe.

Tangu tuhamishiwe kijiji hiki cha ujamaa, nyumba zetu ziko mstari mmoja. Jirani anajua siku ambayo hukuwasha moto. Kule Nyarero tulikotoka, ukilala njaa ulilala na siri yako.

Basi unga umeisha. Nikabandika maji matupu, moshi uonekane.

Mama Bhoke wa nyumba ya pili akaingia, akakaa. Mgeni akikuta chungu motoni hafukuzwi, unajua.

Tukasubiri. Maji yakachemka. Mwisho nikafunua.

Akachungulia. Kisha akasema, “Mama Chacha, hata kwangu ni maji. Nimefuata moshi wako.”

Jioni hii mstari mzima unafuka moshi.

Sijui nani anapika. Kwako je?