Chapati ya Kwanza Ilikuwa ya Ng'ombe

Ilianza jana Jumanne, saa nane mchana, darasa zima likisinzia. Mwalimu alikuwa akifundisha imani za Wahindu na Wabudha. Wahindu, alisema, huamini kwamba roho huvua mwili na kuvaa mwingine kama mtu anavyobadili nguo, na matendo yako ndiyo yanayokuchagulia mwili ujao. Wabudha nao huamini kuzaliwa upya, ila kwao hakuna roho ya kudumu. Ni kama taa inayowashwa kwa moto wa taa nyingine. Wote hutamani siku moja kutoka katika mzunguko huo.

"Nani hapa amewahi kuishi na Mhindu?" akauliza.

Mimi, unanijua, nikainamia daftari. Lakini pua ilikwishajaa harufu ya samli.

Nilipokuwa mdogo hapa Msambweni, tulipakana ukuta na mama mmoja wa Kihindi, mjane, muuza vitambaa. Kila asubuhi nilimsikia akisukuma chapati. Ya kwanza haikuliwa na mtu. Ilikuwa ya ng'ombe. Na ng'ombe mwenyewe ni wa bibi yangu, yule mwekundu. Akifunguliwa tu, majani hayatazami, moja kwa moja mlangoni kwa jirani.

"Mwenzangu, ng'ombe wangu utamtoa katika dini!" Bibi alikuwa akimtania.

"Dada, huenda zamani alikuwa mama yangu. Nimnyime?"

"Basi mwambie mamako aongeze maziwa!"

Kisha mjomba akapata mchumba. Ng'ombe alikuwa amekauka maziwa, ikaamuliwa achinjwe harusini. Nililia, nikaambiwa nyama ya pilau haililiwi.

Wanaume walipokuja na kamba, walimkuta pale pale mlangoni, anatafuna. Jirani aliitazama ile kamba, akampangusa ng'ombe uso kwa ncha ya sari, akaingia ndani na kufunga mlango. Hakumsalimu Bibi. Haikuwa imepata kutokea.

Bibi aliutazama ule mlango, kisha akawageukia wanaume.

"Rudisheni kamba. Tafuteni mbuzi."

"Mama! Watu watasema nini?" mjomba akaruka.

"Waseme. Anayoyaamini mimi siyaamini. Lakini mgeni wa jirani yangu nitamlaje?"

"Mama, ni ng'ombe!"

"Ndiyo. Na wewe ni bwana harusi. Nenda kaoge."

Siku ya harusi jirani alileta sinia ya ladu, tamutamu zake za samli. Aliyezifakamia kuliko wote ni mjomba.

Jirani alifariki kwa mwanawe, Mombasa. Dukani kwake sasa wanauza vifuniko vya simu, na asubuhi zetu hazina tena ile sauti ya kusukuma chapati. Jana jioni nilipomsimulia Bibi somo la mwalimu, alicheka. "Sisi twangojea kiyama," akasema. "Ila nimemkumbuka mwenzangu."

Leo asubuhi niliwahi jikoni. Chapati ya kwanza, ingali moto, nilimpelekea mtamba wetu, mjukuu wa yule mwekundu. Siamini kwamba kuna mtu amerudi. Hata hivyo, kabla ya kumpa, nilimwambia shikamoo, polepole, Bibi asije akanisikia.