Kabati la Picha Kumi na Sita

Nimechoka leo, lakini naandika hivyo hivyo, maana nikisubiri siku ambayo sijachoka sitaandika kabisa. Kazi yangu ni kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti kwenye kibanda karibu na stendi ya Musoma. Nasimama tangu asubuhi. Nikirudi Bweri jioni, miguu inakuwa kama nimeiazima kwa mtu na mwenyewe anaidai. Ila mimi ni mtu wa kuota. Naota nimesimama, karatasi zinatoka kwenye mashine moja moja, na mteja ananiambia, "Dada, mbona unacheka na mashine?"

Ndoto yangu kubwa ilikuwa kamera ya babu. Babu mzaa mama alikuwa mpiga picha Bunda, msimu wa pamba. Watu wakimaliza kuuza pamba walikuwa wanaoga, wanavaa nguo ya kutokea, wanakuja kukaa mbele yake. Kamera yenyewe ni ya Kijerumani, ya kukunja. Ikifungwa utadhani kitabu cha sala, cheusi, cha ngozi. Ukibonyeza kitufe cha juu, mlango wa mbele unaanguka na lenzi inatoka kwenye mdomo wa mikunjo mikunjo kama kinanda cha mkono. Mara ya kwanza kuibonyeza nilishtuka nikaomba samahani.

Babu alipofariki kamera ilibaki kwa bibi, Butiama. Bibi ndiye aliyenilea. Siku moja nikiwa kwake nampiga picha kwa simu, akaniwekea mkono mbele ya uso.

"Acha. Nyie mnanipigaga kila siku na mimi sijawahi kujiona. Simu ya mjomba wako si iliangukia ziwani kule Bukima? Yako si ilikufa kioo? Mimi nimo humo humo, nimezama, nimekufa."

"Bibi, hii mpya haitapotea."

"Siku yangu ikifika mtabeba nini mbele ya jeneza? Chaja?" Akaingia ndani, akatoka na kamera imefungwa kwenye kitambaa. "Nataka picha ya karatasi. Moja. Niwe peke yangu, nionekane vizuri. Nipige na hii."

Nikaahidi. Mimi naahidigi haraka, ndiyo tabia yangu, kuchoka kunakuja baadaye. Filamu ya kamera ile Musoma hakuna. Niliuliza maduka yote mpaka wakawa wananiona tu wanatikisa kichwa. Mwishowe jirani mwenye ndugu Nairobi akaniagizia, ikapita mpakani Sirari kwa dereva wa basi, ikafika baada ya miezi. Moja tu. Nilikuwa naiweka chini ya mto.

Musoma kuna fundi mmoja mzee. Zamani alikuwa na studio, siku hizi anatengeneza redio. Nilimpelekea kamera mchana, jua kali, nimetoroka kazini. Aliigeuza nyuma akaonyesha vitundu viwili vyenye kioo chekundu.

"Hizi ziko za aina aina," akasema, bisibisi iko mdomoni. "Iko ya dirisha moja, hiyo ni picha nane, kubwa. Iko ndogo ya picha za mraba, kumi na mbili. Hii yako ya madirisha mawili inafanya nane ama kumi na sita. Namba moja iliyoandikwa mgongoni mwa filamu ikitokea dirisha la kwanza, piga. Ile ile moja uivute mpaka dirisha la pili, piga tena. Ndiyo uende mbili."

"Kumi na sita!" Niliona mbingu imefunguka.

"Nane, weka filamu, piga. Ila kumi na sita, kabati kwanza. Ndani. Kakae vizuri, kasicheze."

Redio ya mteja ikaanza kupiga kelele, akageukia huko. Mimi nikamshukuru nikaondoka.

Kwetu Mara kila kitu kidogo tunakipachika ka: kanyumba, kasamaki, katoto. Nimekua nasema hivyo. Lakini shuleni mwalimu wa Kiswahili alitupiga mpaka ka ikatutoka, na mimi elimu yangu ndogo naitunzaga sana. Basi yule fundi nilimsikiliza kwa masikio ya shule. Nilivyofika Bweri nikaweka filamu kwenye kamera, nikaizungushia khanga, nikaifungia ndani ya kabati, kati ya shuka, na nikakataza mtu yeyote kuichezea. Ilikaa humo wiki nzima. Nilidhani ndiyo dawa ya kupata kumi na sita.

Jumapili ya kipaimara cha binamu yangu nikaenda nayo Butiama. Bibi alikuwa tayari, gauni la bluu, kilemba kipya. Lakini kwenye shughuli ile alikuwepo pia mdogo wake, bibi mdogo wa Bunda, na hapo ndipo uchovu wangu ulipoanza. Hao wawili hawaongei tangu mazishi ya babu. Bibi mdogo alifika udongo umesharudishwa. Yeye anasema alichelewa kuambiwa. Bibi ana neno lake moja tu halibadiliki: "Alikuwa anapima pamba, mimi napima kaburi."

Niliweka kiti mbele ya ukuta. Bibi akakaa, mikono magotini, akakaza uso kama anasubiri sindano. Nikapiga. Nikavuta filamu.

"Na mimi je?" Bibi mdogo alikuwa amesimama pembeni, kitenge cha maua makubwa. "Kamera ya shemeji yangu hiyo. Nilikuwaga naibebaga mimi wakati wewe unapika."

"Kaeni pamoja basi, mabibi zangu," nikasema. Roho yangu ilikuwa inataka hiyo.

"Na huyo?" Bibi akainuka kwenye kiti. "Mpige yeye. Mimi nasubiri."

Bibi mdogo akakaa, nikapiga. Hajainuka vizuri, bibi akasema, "Yeye umempiga amecheka. Mimi sikucheka. Rudia." Nikarudia. "Mimi nilifumba macho," akasema bibi mdogo. "Rudia." Wakawa wanapishana kwenye kile kiti bila kuangaliana, mmoja anatoka mwingine anaingia, kama watu wa kuungama. Mimi nimeinama juu ya kamera, mgongo unawaka, nahesabu madirisha.

"Babu yako alikuwaga anapiga watu wanane," bibi akaniambia ilipofika ya tisa. "Nane, anafunga. Wewe za wapi hizo?"

"Babu hakujua dirisha la pili, bibi."

Nilisema hivyo. Mungu anisamehe.

Fundi aliisafisha filamu chumba cha nyuma, kwa dawa ambayo sijui aliitoa wapi. Alitoka nayo inachuruzika, akaiangalia kwenye mwanga.

"Kabati ulikaweka?"

"Niliweka, fundi. Wiki nzima."

"Wiki nzima ya nini?"

"Ndani ya kabati. Pamoja na shuka."

Alikaa chini. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akaona uso wangu akaacha. "Mwanangu. Bati! Ka-bati! Kale kabati kadogo kenye tundu, kanakaa ndani ya kamera, kanaziba nusu, ili kila picha ipate nusu yake. Bila hako kila picha inakanyaga mwenzake."

Nikaangalia filamu. Hakukuwa na picha kumi na sita, wala nane, wala moja. Ilikuwa ni benchi moja refu lisilo na mwisho: bibi, bibi mdogo, bibi, bibi mdogo, mabega yamegusana, maua ya kitenge yanaingia kwenye gauni la bibi, na ukuta umepita juu ya nyuso zao kama ukungu. Bibi wa peke yake hakuwepo popote. Filamu nyingine nilikuwa sina. Nilirudi kazini nikapiga watu kumi picha za pasipoti, kila mmoja peke yake, anaonekana vizuri, na kila mmoja aliniumiza.

Fundi alinisaidia kadiri alivyoweza. Aliiweka filamu juu ya kioo chenye taa, akaipiga kwa simu, akageuza nyeusi ikawa nyeupe, na mimi nikaichapa kibandani kwenye karatasi nzuri, ile sehemu ya mwanzo yenye wawili. Jumamosi nikapanda gari la Butiama. Njia nzima nilikuwa natunga uongo, hakuna hata mmoja uliokaa sawa.

Bibi aliishika karatasi karibu na pua.

"Nani kamleta huyu hapa?"

Nikamwambia yote, dirisha, fundi, kabati la shuka. Nilisema huku nalia kidogo. Hakucheka.

"Kale kabati," akasema taratibu. "Nilikapigilia misumari kwenye banda la kuku. Kako huko mpaka leo kanazuia kicheche. Mbona hukuniuliza?" Halafu: "Lete mkasi."

Nikaleta. Akapitisha kidole kati ya yeye na mdogo wake, kuanzia juu. Kwenye vichwa kulikuwa na nafasi. Kwenye mabega kidole kikasimama. Kikarudi juu, kikashuka tena.

"Hili bega ni la nani?"

"Sijui, bibi."

"Utakataje kitu hujui ni cha nani? Mpigie."

"Nimpigie nani?"

"Usinichoshe."

Nilipiga, nikaweka sauti kubwa. Bibi mdogo alipokea huko Bunda kuku wanalia nyuma yake. "Picha zimetoka, mjukuu? Nimetokaje?"

"Shikamoo bibi. Mmetoka wote wawili. Kwenye picha moja."

"Nani kanikalisha naye?" Halafu, kabla sijajibu: "Upande gani?"

"Mwambie bega ni langu," bibi akasema kwa sauti ya juu, anaangalia ukuta.

"Mwambie langu lina ua jekundu!"

"Mwambie hakuna jekundu hapa, picha yenyewe haina rangi!"

"Mwambie dada yangu macho yake hayajawahi kuona vizuri, tangu tukiwa wadogo alikuwaga—"

"Mimi? Mimi ndiyo sionagi? Wewe hukuona hata njia ya kuja kumzika shemeji yako!"

"Sikuambiwa, dada. Nimesema miaka yote sikuambiwa. Nani alinitumia mtu?"

Bibi aliigeukia simu. Mkasi ulikuwa bado mkononi. "Nilimwambia kaka yako," akasema, safari hii si kwangu. "Hakufika?"

Miguu ilikuwa inaniuma. Niliweka simu juu ya kigoda mbele yake, nikauchukua mkasi polepole, nikaenda kulala kwenye mkeka chumba cha pili. Niliwasikia kupitia ukutani, wanaulizana juu ya kaka yao, alitumwa siku gani, alipitia njia ipi.