Ushuhuda wa Vali ya Ng'ombe

Neno "amepona" linanichefua. Nikilisikia kwenye kipaza sauti cha kanisa natamani kutema mate, na mimi si mtu wa kutema mate ovyo. Nauza nyama Kiriaini, usafi ndio kazi yangu.

Bucha hii niliirithi baba akiwa bado hai. Moyo ndio ulimwachisha kazi. Mlango mmoja wa damu huko ndani ulikuwa umebana, ikawa akipanda ngazi tatu za duka lazima ashike ukuta. Wakampasua, wakamwekea mlango mpya, vali iliyoshonwa kwa ngozi ya ng'ombe, ile nyembamba inayofunika moyo. Ngozi hiyo naijua vizuri. Kila asubuhi naitoa kwa kisu na kuwatupia mbwa. Daktari aliponionyesha mfano wake, vipande vitatu vyeupe ndani ya pete, nilitaka kucheka na kutapika kwa pamoja. Baba yeye alicheka tu.

"Nimewala miaka yote hii, maitu," aliniambia. "Wacha sasa mmoja anibebe."

Ananiita maitu, yaani mama, kwa sababu nina jina la mama yake.

Daktari alieleza polepole. Vali ya chuma ingedumu zaidi, lakini ingemlazimu ameze dawa ya kuzuia damu kuganda mpaka aingie kaburini. Hii ya ng'ombe haimfungi na dawa hiyo maisha yote, ila inachakaa. Kwa kijana inachakaa haraka. Kwa mzee kama baba inaweza kukaa miaka kumi, pengine zaidi, pengine isifike. Inakauka kidogo kidogo, kama birika linavyoota chokaa, na mwenyewe hajui. Kwa hivyo kila mwaka aletwe Nyeri apigwe picha ya moyo.

"Hajapona," alisema, akinitazama mimi wala si baba. "Amerekebishwa. Hiyo tofauti usiisahau."

Nilitikisa kichwa kukubali. Kutikisa kichwa ni rahisi.

Miaka ya kwanza nilimpeleka. Kisha tukaletewa mchungaji mpya, mtu mwenye njaa ya miujiza. Jumapili moja akamsimamisha baba mbele, akamfungua vifungo vya shati ili watu waone kovu. Nilikaa nyuma nikitazama kifua cha baba yangu kimeanikwa kama nyama kwenye ndoano. Ati Mungu amempa moyo mpya, ati amepona kabisa, semeni amina. Ikawa desturi. Wakampeleka kwenye mikutano Wang'uru, wakampeleka mpaka Timau kwenye ule upepo, shati wazi, mzee wa watu akitetemeka. Daktari hakutajwa. Hata ng'ombe hakupata asante. Niliona kinyaa mpaka chai ikanishinda, lakini nilinyamaza, kwa sababu baba alirudi kutoka huko akitabasamu.

Sasa kwetu, mtu akishatoa ushuhuda wa kupona, haonekani tena kwenye foleni ya kliniki. Kwenda huko ni kama kumrudishia Mungu zawadi yake. Siku ya picha ilipofika mwaka ule, baba alikuja dukani amevaa koti, kadi ya kliniki mkononi, akakaa kwenye benchi karibu na mizani. Ilikuwa siku ya soko na wateja walikuwa wamejaa mlangoni.

"Maitu, tunaenda ama hatuendi?"

Nilikuwa nakata mbavu. Sikuinua macho. "Baba, si ulisema mbele ya watu umepona? Wakikuona huko watasema nini?"

Akavua koti, akalikunja magotini. Mwaka uliofuata hakuuliza.

Pumzi ilipoanza kupungua alisema ni baridi ya Julai. Januari ikaja na jua lake, akasema ni uzee. Kisha asubuhi moja nikaona amekuja na viatu ambavyo havijafungwa kamba. Nikainama nikabonyeza mguu wake. Kidole kikaacha shimo, na shimo likakaa pale pale. Nimeshika nyama maisha yangu yote, na nyama ya mtu aliye hai haifai kufanya hivyo.

Mchungaji alipiga simu tukiwa tunajitayarisha kwenda Nyeri. Kuna wageni Jumapili, mzee aje na shati la vifungo. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Ilinipendeza sana kumchukia.

Daktari alikuwa yule yule, ameota mvi. Kwenye picha, vile vipande vitatu vilikuwa vimekakamaa, havifunguki ila upenyo mdogo tu.

"Vali haina makosa," alisema. "Miaka tisa imefanya kazi. Tungeona mapema, pengine tungeingiza nyingine ndani ya hii kupitia mshipa wa paja, bila kumpasua. Sasa mapafu yana maji na figo zimechoka. Tutatoa maji kwanza. Baada ya hapo, siwaahidi kitu."

Akafungua faili, akalipekua mpaka nyuma. "Mzee, miaka minne hujaja. Nani alikuambia usije?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema, lakini aliyestahili kuumbuliwa pale si mgonjwa. Jibu nilikuwa nalo mdomoni: ni kanisa, daktari, ni yule mchungaji. Baba aliniwahi. Ilibidi avute pumzi mara mbili ndipo apate ya kuongea.

"Hakuna mtu," alisema. "Huyu mama yangu kila mwaka ananikumbusha. Ni mimi nilisahau. Ni uzee tu."

Akaushika mkono wangu, ambao bado ulikuwa unanuka mafuta ya bucha.

Daktari akaandika kwenye faili: mgonjwa alisahau. Niliyasoma maneno hayo kutoka nilipokaa, na sikumsahihisha.