Kalamu Mbili za Kwenda Kanazi

Kilichonitoa Bukoba mjini siku ya Ijumaa ni sentensi moja yenye maneno saba. Niliyahesabu, kisha nikayahesabu tena, yakabaki saba: "Aliyeandika haya hajawahi kukaribishwa nyumbani kwa mtu."

Iliandikwa chini ya makala yangu kuhusu kahawa ya kutafuna, kwenye blogu ya nyumba ya wageni ninayoifanyia kazi. Aliyeandika alijitaja: Mwalimu Kokushubila, Kanazi. Kwa mtu wa kwetu, kuambiwa hujawahi kukaribishwa ni zaidi ya kuambiwa hujui. Ni kama kuambiwa huna kwenu.

Kosa langu lilikuwa hili. Niliandika kwamba kahawa ile tunayompa mgeni atafune hukaangwa kwa mafuta kidogo. Nilikuwa nimeyasoma kwenye tovuti tatu, nikaona nimethibitisha mara tatu. Baadaye niligundua ya pili ilinakili ya kwanza, na ya tatu ilinakili ya pili. Nilikuwa nimehesabu mtu mmoja mara tatu. Na kilichoniuma zaidi, hiyo kahawa nimeitafuna tangu meno ya utoto hayajang'oka. Nilizaliwa Kashai, mjini hapa. Kila tulipokwenda kwa watu nilinyoosha mkono, nikapewa, nikatafuna, nikanyoosha tena. Sikuwahi kuuliza inatengenezwaje.

Kabla ya blogu niliuza mitumba sokoni kwa miaka sita. Sokoni hakuna anayesifu belo ambalo halijafunguliwa. Sijui kwa nini nilipopewa kompyuta niliisahau kanuni hiyo.

Mwenye nyumba ya wageni, Dada Aneth, hakupiga kelele. Aliniambia tu kwamba wageni wawili walisoma makala yangu wakaomba wapelekwe kuona kahawa inavyokaangwa ili itafunwe, na aliyewapeleka alichekwa vijiji viwili.

"Jumatatu asubuhi nataka makala matano, Muganyizi," alisema. "Yakiniletea aibu tena, blogu nampa binamu yangu wa Mwanza."

"Binamu yako anaijua Kagera?"

"Haijui. Lakini yeye hajifanyi anaijua."

Nikajaribu njia ya sokoni. "Mawili, Dada."

"Matano."

"Matatu, na picha."

"Hapa si sokoni."

Yakabaki matano. Alhamisi mchana nikajiandaa kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Nilinunua daftari jipya. Niliandika maswali arobaini, nikayapa namba. Nikatia mfukoni kalamu mbili, moja nyeusi na moja ya bluu, kwa sababu kalamu moja ni ahadi na ya pili ni dhamana.

Saa moja asubuhi, Ijumaa, nilipanda bodaboda ya kijana aitwaye Deo kuelekea Kanazi. Ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya migomba. Tulipofika kwenye barabara ya vumbi Deo aliuliza nakwenda kwa nani.

"Kwa Mwalimu Kokushubila."

Akapunguza mwendo. Akanitazama kwenye kioo cha pembeni. "Kaka, wewe ndiye wa kahawa ya kukaanga?"

"Umesoma?"

"Sijasoma. Mwalimu alitusomea, tulipokuwa tunasubiri abiria. Aliisoma vizuri sana."

Kanazi, saa mbili. Nyumba yake iko katikati ya kibanja, migomba mbele, mibuni nyuma, na njia safi iliyofagiliwa hadi mlangoni. Mwalimu ni mama wa umbo dogo, mstaafu wa shule ya msingi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni mimi Muganyizi, Mwalimu. Yule wa blogu."

"Hilo nalijua. Nauliza mtoto wa nani."

"Wa Ta Byabato. Wa Kashai, lakini asili yetu Rubafu."

Akashika kichwa. "Rubafu! Na bado unakaanga kahawa. Waitu!"

Nilikaa kwenye mkeka, nikafungua daftari, nikashika kalamu nyeusi. Swali la kwanza lilikuwa tayari mdomoni. Yeye alikuwa ananyoosha kikapu kidogo chenye kahawa. Nilikipokea, nikakiweka pembeni ili mkono wa kuandikia uwe huru.

Hapo hewa ya chumba ikabadilika. Mwalimu alikitazama kikapu, akanitazama, kama mtu anayemtazama mwanafunzi aliyekaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Kisha akanitoa kalamu vidoleni, taratibu, akaiweka ndani ya kikapu, akachukua punje chache na kunitia kiganjani.

"Tafuna."

"Mwalimu, nina maswali arobaini na muda..."

"Arobaini? Unafanya sensa?"

"Nikuulize basi ishirini."

"Moja."

"Kumi, Mwalimu. Nimetoka mjini."

"Mjini ni hapo. Mawili."

"Matano, na nitatafuna zote."

"Matatu," akasema, "na utatafuna zote hata hivyo."

Nilijua nimekutana na mtu aliyekomaa kuliko sisi wa mitumba. Nikatafuna. Mwanzoni ni ngumu na chungu, halafu inalegea na kutoa harufu ya majani. Na kwa sababu mdomo ulikuwa na kazi, nilikaa kimya. Sikumbuki mara ya mwisho kukaa kimya kwenye nyumba ya mtu kwa muda ule. Nikayachagua maswali upya kichwani. Arobaini yale, niliyapitia mara mbili, na mengi sikuwa na haja nayo. Yalikuwa maswali ambayo jibu lake nilishaliandika, nikitafuta tu wa kulitia sahihi.

Swali langu la kwanza likawa moja ambalo halikuwemo kwenye daftari. "Kwa nini mgeni anapewa kahawa kabla ya maneno?"

"Ili mdomo uwe na kazi," alisema Mwalimu, "masikio yapate nafasi."

La pili, inatengenezwaje. Mwalimu alinyanyuka, akanipeleka nyuma ya nyumba. Akanionyesha matunda ya kuchumwa, yaliyokomaa lakini hayajaiva mekundu. Akanionyesha sufuria, na majani ya harufu yanayochemshwa pamoja nayo. Akanionyesha jamvi ambalo yalikuwa yanakaushwa, siku baada ya siku. Hakukuwa na kikaango popote. Nilitazama mara mbili. Alipasua tunda moja kwa kucha akanionyesha punje mbili zilizolala kifua kwa kifua.

"Zamani watu wakitaka kuwa ndugu, kila mmoja alichukua yake. Tunda moja, punje mbili. Hiyo ulikuta kwenye mtandao wako?"

"Huenda ipo, Mwalimu. Sikujua kama ni ya kuulizia."

Saa saba alinipakulia ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, nikala hadi nikaona aibu, kisha nikaongezwa. Kabla sijaaga alinisimamisha mlangoni, akaniambia nimsimulie kila hatua ya kahawa, bila daftari. Nikasimulia. Nikaruka majani. "Rudia." Nikarudia, nikaanika kabla ya kuchemsha. "Rudia." Mara ya tatu nikapita.

"Swali lako la tatu?"

"Nalitunza, Mwalimu."

"Haya. Linaharibika likikaa."

Muleba, Jumamosi, saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimefika jioni iliyotangulia. Sasa nilikuwa kwenye hoteli ya chai karibu na stendi, nikiwa na chapati mkononi na makala moja kichwani. Mvua za msimu zilikuwa zimeanza, na senene, panzi wetu wa kuliwa, nao walikuwa wameanza kutua. Mama mwenye hoteli alikuwa na bakuli la waliokaangwa, na wateja wawili walikuwa wanaligombania kwa maneno tu.

"Kitunguu kinaua ladha ya senene," alisema mzee mwenye kofia.

"Kinaiamsha," alisema jirani yake. "Tatizo lako kwenu mlikuwa wavivu wa kukatakata."

"Kwetu? Kwetu tulikuwa tunakula senene. Nyie mlikuwa mnakula kitunguu chenye mabawa."

Mama mwenye hoteli akaingilia, "Kaleni nyumbani kwenu, wake zenu wataamua," na hoteli nzima ikachagua upande. Nilipotaka kutoa daftari nikajizuia. Nikatafuna chapati. Nikasikia kwamba mmoja anatia kitunguu kwa sababu mama yake alitia, na mwingine hatii kwa sababu siku ya kwanza kuonja wenye kitunguu ni siku aliyokataliwa uchumba. Kwenye orodha yangu nilikuwa na swali, "Senene wana manufaa gani mwilini?" Nililifuta. Hakuna mtu anayegombana asubuhi kwa ajili ya manufaa. Nikaanza kuelewa: wote wanapokubaliana, makala huwa membamba. Kanazi nzima ilikubaliana kwamba mimi ni mjinga, na hapo hakuna zaidi ya sentensi moja.

Nilipoingiza mkono mfukoni ili niandike, nikapata kalamu moja, ya bluu. Nikahesabu tena. Moja. Nikamlaumu Deo na mashimo ya barabara yake.

Saa sita mchana nilishuka mwaloni, kule boti za visiwani zinakoshusha dagaa. Ufukwe ulikuwa umefunikwa na nyavu, na juu ya nyavu dagaa waking'aa. Mama mmoja alikuwa anawageuza kwa reki. Aliitwa Mama Neema, mtu wa Ukerewe, miaka minane sasa akihama na samaki kisiwa hadi kisiwa.

"Wewe mwandishi," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Umejuaje?"

"Umesimama mahali watu wanainama."

Nikainama. Alinipa reki ya pili. Hakuna kahawa mwaloni, nikaona kazi ndiyo kahawa ya pale. Tuligeuza bila maneno, kisha akaanza mwenyewe. "Kila mwandishi anauliza samaki wamepungua au hawajapungua. Mimi niulizwe mimi? Wakaulizwe samaki."

"Uulizwe nini, Mama Neema?"

Alinyoosha reki kuelekea ziwani. Wingu jeusi lilikuwa limeinuka upande wa visiwa. "Niulizwe hilo."

Halikungoja. Tulikuwa na turubai mbili na dagaa wa kufunikwa na turubai nne. Nilishika pembe moja, yeye nyingine, tukavuta, tukaweka mawe. Daftari langu lilikuwa limebaki kwenye jiwe. Nililiona. Ningeweza kulifuata na kuacha pembe. Mama Neema naye aliliona.

"Karatasi zako!"

"Shika hapo!" nikamjibu, sikuachia.

Mvua ilipopita, nusu ya dagaa walikuwa salama. Nusu nyingine, alisema, wakianikwa upya watabadilika rangi na mnunuzi wa chakula cha watu atawakataa, wataishia kuwa chakula cha kuku. Alisema bila kulia na bila kucheka, huku akiwatenga kwa mikono miwili, wa watu huku, wa kuku kule. Ndipo aliponieleza wanavyosoma wingu, nani huamua kuanika na nani kungoja, na mara ngapi amekosea. Daftari lilikuwa uji wa bluu. Kwa hiyo nikafanya alichonifundisha Mwalimu. Nikamsimulia Mama Neema maneno yake mwenyewe, yeye akinirekebisha, hadi nikapita.

Jumapili nilirudi Bukoba, nguo zikinuka dagaa, nikakaa kuandika. Ajabu ni kwamba kuandika kulichukua muda mfupi. Nilizoea kukaa mbele ya kioo cha kompyuta nusu siku nikitafuta la kusema. Sasa kazi kubwa ilikuwa imefanyika jikoni, hotelini na ufukweni, na mimi nilikuwa nanukuu tu kumbukumbu.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Dada Aneth alihesabu kurasa.

"Haya ni matatu."

"Matatu."

"Tulikubaliana matano."

"Matano ninayo. Mawili ningeyatoa kwenye mtandao. Unayataka?"

Alisoma la kahawa. Akasoma la kitunguu, akacheka mara moja, akajificha. La mvua alilisoma polepole. "Yana hakika?"

"Mawili nimeyarudia mbele ya wenyewe. La kitunguu nililisikia kwa masikio yangu."

"Tutaweka la kahawa kwanza," alisema. "Mwalimu wako akilikataa, nampigia binamu."

Tukaliweka. Nilikaa pale mapokezi nikijifanya napanga funguo za vyumba. Funguo ni kumi na mbili. Nilizipanga mara nyingi kuliko nitakavyokiri hapa. Kabla ya chakula cha mchana maoni yalitokea, na jina likawa lile lile. Dada Aneth aliyasoma kwanza kimya, akarudia kwa sauti:

"Mtoto wa Ta Byabato, kalamu yako nyeusi uliisahau kwenye kikapu cha kahawa. Ukija kuifuata uje na wageni wenu, waone sufuria. Swali lako la tatu bado linangoja."

Dada Aneth alinigeukia. "Kalamu gani?"

Nilimweleza. Aliinua simu, na kwa sekunde moja nilidhani ni ya Mwanza. Alikuwa anampigia Deo, kuuliza kama anaweza kupata pikipiki mbili za kwenda Kanazi siku inayofuata.

Nimeulizwa na wenzangu wanaotaka kuanza blogu wajiandae vipi. Nawaambia waandike maswali arobaini wakipenda, hayana ubaya, yanasaidia kujua mtu hajui nini. Lakini wafike, wapokee wanachopewa, watafune, na wamsimulie mwenye maneno maneno yake kabla ya kuyapeleka popote. Mimi bado natoka na kalamu mbili. Moja ya kuandikia, moja ya kusahau.